Mpapindi si mpilipili manga: usiombe kipande

Mpenda bustani akiuona mpapindi, huomba akatiwe kipande akapande kwake. Hakuna kipande cha mpapindi kinachoota. Mpapindi ni wa ukoo wa mnazi na mpopoo, na kwa asili yake huota kisiwani Pemba tu, hasa katika msitu wa Ngezi. Wataalamu wa mimea waliupa jina lake la kisayansi mwaka 1962.

Kila shina lake lina jicho moja la kukulia, kileleni, katikati ya makuti machanga. Ukilikata hilo, shina zima limekufa, hata likiwa refu kuliko nyumba. Mpilipili manga, uliojaa mashambani Unguja na Pemba, una jicho kwenye kila kifundo. Kata kipande chenye vifundo vitatu hadi vitano, zika viwili, weka kivulini. Baada ya wiki kadhaa kina mizizi. Ila chagua tawi linalopanda au linalotambaa chini. Tawi la pembeni linalozaa hushika pia, lakini hutoa kichaka kisichopanda nguzo. Na udongo ukituamisha maji, shina huoza chini hata mche uwe mzuri vipi.

Mpapindi unataka mbegu, na mbegu mbichi. Okota matunda yaliyoiva mekundu, yaani yale yanayominyika ukiyabonyeza. Menya nyama yote, maana ikibaki huleta ukungu. Loweka siku mbili ukibadilisha maji, kisha fukia kina cha sentimita 1 hadi 2 kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini. Usizianike juani kama mahindi: zikikauka, hazioti. Zisipotokeza mwezi wa kwanza usizifukue, kwani mbegu zilizofukiwa pamoja hupishana kuota kwa miezi. Mche ukipata majani mawili, hamishia kwenye kiriba kirefu pamoja na udongo wake.

Kwa kuwa mpapindi huota kwa mafungu, wengine hung'oa kichipukizi cha pembeni. Kisicho na mizizi yake mwenyewe hunyauka, na jeraha huozesha shina mama. Kwa mti uliobaki mahali padogo hivi, hiyo ni hasara isiyo na sababu. Acha fungu lilivyo, chukua matunda machache, mengine yaanguke msituni.