Gigabaiti 35 Zimekwenda Wapi? Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kuandika lolote husoma barua za wasomaji, kwa kuwa humo ndimo ninamojua watu wanakwama wapi. Leo msomaji mmoja amenunua diski iliyoandikwa gigabaiti 500, lakini kompyuta yake yenye Windows inamwonyesha 465 tu, naye anauliza, kwa uchungu ninaouelewa, ni nani aliyempunja.

Saa 2. Nahakiki hesabu kwanza. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huzidisha 1,024 kwa 1,024 kisha kwa 1,024 tena, ikapata baiti 1,073,741,824, na kipimo hicho kikubwa zaidi nacho hukiita gigabaiti. Baiti bilioni 500 zikigawanywa kwa idadi hiyo, jibu ni 465 na ushei. Nachomeka diski yangu ya ukubwa huohuo na kufungua dirisha la sifa zake: pale penye ukubwa pana namba ndefu ya tarakimu 12 inayoanza na 500, na kando yake, kwenye mstari uleule, imeandikwa 465. Ushahidi wote umo hapo, na msomaji anaweza kuutazama kwa macho yake mwenyewe.

Saa 4. Naandika. Natafuta mfano na kuupata katika safari: umbali uleule ukipimwa kwa maili hutoa namba ndogo kuliko ukipimwa kwa kilomita, wala barabara haijafupishwa. Tangu mwaka 1998 kipimo cha Windows kina jina lake rasmi, gibibaiti, lakini naliacha nje, kwa sababu mtu aliyekuja na hofu ya kudhulumiwa hastahili kubebeshwa msamiati mpya kabla hajatulizwa. Nadhani waandishi wengi wa fani yetu hukosea hapo.

Saa 8 mchana. Najibu barua fupi kuhusu kasi ya intaneti: biti 8 ni baiti 1, hivyo megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5.

Saa 10 jioni. Namsomea makala jirani yangu, mama mshonaji ambaye hajawahi kumiliki kompyuta na ambaye masikio yake nayaamini kuliko ya wataalamu. Anasikiliza huku akipiga pindo, kisha anasimamisha cherehani.

“Mwanangu, hesabu nimeisikia. Sasa huyo mwenzetu kapunjwa au hakupunjwa?”

Jibu lilikuwa katika aya ya nne.

Saa 1 usiku. Nimeipanga makala upya, na aya ya kwanza sasa inaanza hivi: “Hukupunjwa, baiti zako zote zimo.” Naituma kwanza kwa mwenye barua.