Udiwani Uingereza: kata, jina na anwani

Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda wengi walioko England hawajui kwamba udiwani hauhitaji pasipoti ya Uingereza. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi cha kudumu na umri wa miaka 18 anaweza kugombea, mradi awe amejiandikisha kupiga kura kwenye halmashauri hiyo, au ameishi au kufanya kazi hapo miezi 12. Mrundi na Mkongo, ambao nchi zao hazimo kwenye Jumuiya hiyo, wao husubiri uraia.

Sheria ikishakuruhusu, unabaki wewe na chama. Rangi na jinsia huamua mengi hapo, kabla mpiga kura hajaliona jina lako. Huku hakuna viti maalumu. Kwa wanawake, tangu 2002 sheria inaruhusu orodha fupi ya wanawake pekee, ambayo chama huteua mgombea wake kutoka humo. Chama cha Labour kilikuwa kimelijaribu hilo hata kabla yake: mwaka 1997, kati ya wanawake 38 walioteuliwa kwa njia hiyo, 35 waliingia bungeni. Kwa rangi hakuna ruhusa kama hiyo. Orodha ya weusi pekee ni marufuku. Uchaguzi wa 2024 ulitoa wabunge wanawake 263 kati ya 650, na wabunge 90 wa makabila ya walio wachache.

Kwa hiyo chama kikikuita kwa furaha, uliza kwanza: kata ipi? Matokeo ya chaguzi zilizopita yako kwenye tovuti ya halmashauri. Kama chama chenu huwa cha tatu kila mara, umewekwa kujaza nafasi kwenye karatasi ya kura tu, na picha yako itapamba vipeperushi vyao. Kata ya kutafuta ni ile ambayo chama hushinda na diwani wake anastaafu. Habari za kustaafu husikika kwenye vikao vya tawi miezi mingi kabla ya tangazo, na asiyehudhuria hazisikii.

Kata nzuri nayo si kinga. John Taylor, mgombea mweusi wa chama cha Conservative, alishindwa Cheltenham mwaka 1992 katika kiti cha ubunge ambacho chama chake kilikishikilia tangu 1950. Baadhi ya wanachama wa hapo hapo walimpinga waziwazi.

Kisha kuna karatasi ya kura. Majina hupangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo. Kwenye kata ya viti vitatu mpiga kura ana kura tatu, na wengi huanzia juu wakachoka njiani. Nusu yetu tuna majina ya M, N na W! Isitoshe, watafiti waliolinganisha wagombea wa chama kimoja ndani ya kata moja wamekuta mwenye jina la kigeni mara nyingi huachwa nyuma na wenzake. Fomu ina nafasi ya jina unalotumia kila siku. Ukiiacha wazi, litachapwa jina kamili. Jina hilo liwe kweli unalojulikana nalo, na usilifupishe hadi watu wa nyumbani wasikutambue.

Fomu yenyewe huhitaji saini mbili, za mpendekezaji na mwunga mkono, wote wakiwa wapiga kura wa kata ile. Rafiki wa kata ya pili hafai, hata kama mnasali pamoja. Mwisho wa kupokea ni saa kumi jioni, siku ya kazi ya 19 kabla ya uchaguzi. Usiende saa tisa na nusu; kosa likionekana hutakuwa na muda wa kurekebisha.

Kwa mwanamke mweusi kuna jambo la ziada. Shirika la haki za binadamu la Amnesty lilichunguza matusi ya Twitter kwa wabunge wanawake kuelekea uchaguzi wa 2017, likakuta karibu nusu yalimlenga mbunge mweusi Diane Abbott peke yake. Kwa hiyo omba anwani ya nyumbani isichapwe, sheria inaruhusu. Wengi hufanya hivyo halafu wanajiharibia wenyewe kwa njia mbili. Ukijifanya wakala wako mwenyewe wa uchaguzi, yaani msimamizi wa kampeni yako kisheria, anwani ya wakala hutangazwa. Na kila kipeperushi lazima kiwe na jina na anwani ya aliyekitoa, hivyo anwani uliyoificha inaingia kwenye kila mlango wa kata. Kwenye kipeperushi weka anwani ya ofisi ya chama, au sanduku la posta, na umtafute wakala mwingine kabla ya kujaza chochote.