Kioo cha darubini kilivyonisumbua Mikindani

Kwa wiki kadhaa niliamini nimeharibu kioo. Darubini niliiunda mwenyewe hapa Mikindani: kioo cha milimita 200, unene 30, bomba la plaiwudi. Kila nikiielekeza kwenye sayari ya Mshtarii, mikanda yake ya mawingu haionekani. Sayari inachemka tu kama uji.

Kilichonifumbua macho ni nyota. Niliivuruga fokasi makusudi hadi nyota ikawa duara, nikaona ndani yake kama moshi unapanda taratibu. Lile lilikuwa joto linalotoka kwenye kioo. Mchana kutwa darubini hushinda chumbani chini ya bati. Jioni hewa ya nje inapoa, lakini kioo kinene hakina haraka. Watu husema Pwani hakuna baridi ya kusumbua darubini. Baridi haihusiki! Kinachoharibu picha ni tofauti ya joto kati ya kioo na hewa inayokizunguka.

Nikang'oa feni ya volti 12 kwenye kompyuta mbovu, nikaiweka nyuma ya kioo ikipuliza mgongoni mwake, umeme wa betri ya pikipiki. Mwanzo niliikaza kwa skrubu, nyota zote zikatetemeka. Nikaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mtetemo ukaisha.

Siku hizi natoa darubini nje jua likizama, nawasha feni, naenda kuswali na kula. Baada ya saa moja hivi ule moshi hauonekani tena. Juzi niliona mikanda miwili ya Mshtarii, na kivuli cha mwezi wake mmoja kama tone la wino.