Springi hubeba, shokapu hutuliza: nilivyolitengeneza guta langu la mayai

Nabeba mayai. Kila Jumanne na Ijumaa nachukua trei 200 kwa wafugaji wa Chanika, Dar es Salaam, na kuzipeleka madukani Gongo la Mboto na Ukonga, kwa guta la injini la magurudumu matatu, hili ambalo wengine mnaliita toyo. Trei moja ina mayai 30, na yai la kuku wa kisasa lina kama gramu 60, hivyo mzigo wangu mzima ni karibu kilo 360. Hesabu hiyo ndogo nilichelewa sana kuipiga.

Guta nililinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa akibeba mchanga na matofali. Nyuma lilikuwa na springi bapa, zile za vyuma virefu vilivyolaliana, kila upande bapa saba. Mwenyewe alikuwa ameongeza mawili juu ya matano ya kiwandani, na alinisifia hilo wakati wa kuuza. Shokapu za nyuma hazikuwepo kabisa.

Anayeendesha guta anajua shida ya gurudumu la mbele kuwa moja. Kwenye barabara ya vumbi magari huchimba njia mbili na kuacha tuta katikati. Matairi yako ya nyuma yanapita kwenye mashimo, la mbele linapita juu ya tuta, na bodaboda anakwepa huku wewe ukipokea yote. Hata hivyo mashimo makubwa hayakuwa yakinivunjia mayai mengi, maana nilikuwa napunguza mwendo. Yaliyonimaliza ni rasta za lami, vile vituta vidogo vilivyopangana vya kupunguza mwendo, na vijiwe vidogo vidogo, ule mtetemo usiokoma. Kila safari nilihesabu mayai 70 hadi 90 yamepasuka, na hasara ilikuwa yangu. Mama mmoja mfugaji aliwahi kuniambia, "Mwanangu, kuku wangu wanataga vizuri, wewe unaniulia njiani." Sikulala vizuri siku hiyo.

Fundi wa kwanza alisema nifunge shokapu tu, yataisha. Nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani, nikanunua jozi yenye koili iliyozungushiwa nje, waya wake mnene kama kidole. Nilichagua mnene kwa sababu nilidhani unene ndio ubora. Safari ya kwanza baada ya kuzifunga nilihesabu mayai 140.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye gereji ndogo karibu na nyumbani. Nilimwamkia, nikamweleza. Alikandamiza bodi kwa mikono miwili, halikushuka hata kidogo. "Wewe hukununua shokapu, mwanangu. Umeongeza springi juu ya springi." Akanieleza kwamba springi ndiyo inayobeba uzito, na kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka ikishaminywa. Zile nilizonunua zilikuwa na vyote viwili, na koili yake ilikuwa ngumu mno. Kwenye koili, tofauti ndogo ya waya ni kubwa ajabu: koili mbili za upana mmoja na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 10 na nyingine ya milimita 12, hiyo ya pili ni ngumu mara mbili. Na anayekata mzunguko mmoja akidhani analainisha anaifanya iwe ngumu zaidi.

Tulipima kwa madumu ya maji. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo madumu 18 ni mzigo wangu kamili. Tuliyapanga juu ya ekseli na kupima kwa futi kutoka kwenye ekseli hadi kwenye chesisi, kabla na baada. Chombo kilikuwa na nafasi ya kushuka sentimita 10 kabla ya kugonga raba ya kuzuia. Kilishuka sentimita moja na nusu. Tukavua zile shokapu za koili, kikashuka mbili na nusu. Mzee alitaka mzigo ule ule utumie kama theluthi ya nafasi, ili zaidi ya nusu ibaki kwa ajili ya mashimo.

Kwa hiyo dawa ikawa kutoa, wakati wote niliowauliza walikuwa wananiambia niongeze. Tulitoa yale mabapa mawili ya ziada kila upande. Bapa la juu lenye macho ya bushi haliguswi, ndilo linaloshika ekseli. Yaliyobaki yalikuwa yameshikana kwa kutu, tukayasugua kwa brashi ya waya, tukayapaka grisi na kuyafunga kwenye ekseli kwa yubolti mpya, zile bolti zenye umbo la U. Madumu yakarudi juu: sentimita tatu na nusu.

Sasa guta likawa laini, lakini ukilikandamiza na kuliachia lilidunda mara tatu, nne. Hapo ndipo shokapu zilipopata kazi yake. Nilitaka zisizo na koili, na safari hii nilikwenda dukani na vipimo. Matairi yakining'inia, kati ya tundu la juu na la chini palikuwa na sentimita 38. Bodi ikigonga raba, 26. Shokapu ilipaswa kuvutika kupita 38 na kufunga chini ya 26, la sivyo ingekuwa yenyewe inagonga na kupinda. Muuzaji alinionyesha mtumba za Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kwa bei nzuri. Zilikuwa ndefu mno zikifungwa, na nikaziacha. Niliyochukua inafunga 25 na kufunguka 39. Kabla ya kulipa niliiminya na kuivuta mara kadhaa, nikiangalia kama ina ukinzani mwendo wote bila kupwaya, na kama fimbo yake haina mikwaruzo wala oili.

Vishikio vilichomelewa kwenye chesisi, karibu na tairi na shokapu ikisimama wima kadiri ilivyowezekana, maana ikilala sana nguvu yake inapungua. Mchomeleaji alitaka kuweka nati moja jirani na springi. Nilimkatalia, joto la kuchomelea linaua ugumu wa chuma cha springi.

Sasa napoteza mayai 15 hadi 20 kwa safari. Kuna gharama moja: kwenye kona bodi linalala nje zaidi kuliko zamani, na guta lenye gurudumu moja mbele ukilipiga breki katikati ya kona linapinduka kirahisi. Kwa hiyo napunguza mwendo kabla ya kona, na trei nazipanga chini na kwa upana, si kwa kimo. Yubolti nilizikaza tena baada ya wiki, zilikuwa zimelegea robo mzunguko.

Yale mabapa manne yapo nyuma ya nyumba. Jirani anayejenga ameshaniomba mara mbili nimbebee saruji. Mifuko minane ya kilo 50 nakubali, wa tisa anatafuta guta lingine.