Nguzo ya ukoo kule Bharatpur

Jamani, nimefika Bharatpur, Rajasthan, India, uliokuwa mji wa wafalme wa Wajat, jamii ya kaskazini mwa India. Ngome ya Lohagarh inasifiwa kwa kuta zake. Jenerali Lake wa Waingereza alizishambulia mara nne mwaka 1805 akaambulia patupu. Sawa. Lakini kilichonikamata mimi ni nguzo ya chuma pale Jawahar Burj, mnara mmoja wa ngome hiyo. Imeandikwa majina ya ukoo wa wafalme, moja baada ya jingine, na la kwanza kabisa ni Krishna. Ndiyo, mungu mwenyewe wa Wahindu! Vinafuata vizazi na vizazi hadi Badan Singh, mwanawe Suraj Mal, mwisho kabisa Brijendra Singh. Mwenyeji wangu, Mjat wa ukoo mwingine, alinisomea huku akipitisha kidole kwenye herufi.

“Na nyie je, kaka?” nikamuuliza.

Akacheka. Kwao husimuliwa kwamba Wajat walitoka kwenye nywele za mungu Shiva.

Wanahistoria wengi wanawaona kama wakulima na wafugaji waliopata nguvu Wamughal, watawala wa Kiislamu wa India, walipodhoofika. Mimi nahisi utawala ulitangulia, nasaba ikafuata, ila sikuthubutu kumwambia.

Ukienda Agra kuona Taj Mahal, pitia na huku, si mbali. Tafuta tu mtu wa kukusomea.