Nilivyofanikiwa kuandika kisomo cha Torati kwa solfa

Wenzangu wa kwaya wanajua mi na solfa hatuachani, kwahiyo nilipoanza kupenda Wayahudi wanavyoisoma Torati kwa kuimba nikasema hii lazima niiandike. Jamaa mmoja anayejifanya mtaalamu akaniambia rahisi tu, zile alama ndogo juu na chini ya maneno ya Kiebrania kila moja ni noti, hii ipe do, ile ipe re, basi. Nikazipanga hivyo bana, nikaimba, mke wangu akauliza nani anaumwa humu ndani.

Kumbe alama moja ni kipande kizima cha wimbo, noti kadhaa zinaenda pamoja, na hapohapo inakuonyesha sentensi inakata wapi. Wataalamu wa Kiyahudi wa mji wa Tiberia walizikamilisha kwenye karne ya 10 hivi ila sauti yenyewe hawakuiandika, hiyo unaipata kwa mwalimu. Tena gombo la kwenye sinagogi halina alama hata moja, msomaji anakuja ameshakariri!

Kilichonitoa ni Mwanzo 1:1, maneno saba tu ya Kiebrania. Nikachukua rekodi ya Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki (bando lilikwenda, usiulize shilingi ngapi), nikapunguza spidi, nikapaka rangi moja alama zinazofanana. Sasa alama moja inayoitwa tifha iko kwenye bereshit (hapo mwanzo), halafu iko tena kwenye hashamayim (mbingu), na ukitega sikio ni kipande kilekile kinarudi!! Niliruka. Kuanzia hapo nikaachana na kuandika wimbo mzima, nikawa naandika kila alama na solfa yake pembeni, aya zinazofuata zikaanza kujiimba zenyewe. Nikajiona mgunduzi, kumbe Johannes Reuchlin, msomi Mjerumani wa Kiebrania, alishachapisha alama na noti zake mwaka 1518, tena kwa sauti nne. Nimechelewa miaka 500 tu.

Rekodi usichanganye. Wayahudi wa Yemeni wana alama hizohizo na sauti nyingine kabisa, na Waashkenazi haohao wakifika kwenye Manabii au Esta wanabadilisha. Ndio maana Idelsohn, mtafiti wa muziki wa Kiyahudi, kule Yerusalemu alirekodi jamii mbalimbali kila moja kivyake kwa fonografu, ile mashine ya zamani ya kurekodi sauti, mkusanyiko wake ukatoka juzuu 10 kati ya 1914 na 1932. Anayekuambia anao ule wimbo mmoja wa asili kwenye simu yake, mpite. Na Zaburi usiguse kwanza, yenyewe na Ayubu na Mithali zina mfumo wao wa alama, mi niko hapo saa hizi na sielewi kitu.