Mjapani wa wazee wa Keya na Mjapani wa leo

Wazee wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliorudi Kisumu na Kakamega kutoka Burma baada ya Vita Vikuu vya Pili walimjua Mjapani mmoja tu: yule anayeona heri afie handakini kuliko kuinua mikono. Ndiyo maana vijana wa nyumbani hutuuliza sisi tulioko huku Osaka, watu wale walikujaje kuchukia bunduki? Wengi hujijibu wenyewe: bomu la Hiroshima. Hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo.

Tayari Machi 1945 moto wa ndege za Marekani za B-29 ulikuwa umeua watu wapatao 100,000 Tokyo kwa usiku mmoja. Kisha ikaja njaa, na askari wakarudi mikono mitupu. Hasira nyingi ziliwageukia majenerali wao wenyewe. Shuleni watoto waliambiwa washike brashi na wino, wafute mistari ya kusifu vita vitabuni, na mwenye kuwaamuru ni mwalimu yuleyule aliyewakaririsha mistari hiyo. Mtoto aliyeona hayo, neno la mkubwa halimwingii tena kirahisi.

Halafu shamba, hapa mtu wa Nakuru atanielewa upesi. Karibu nusu ya ardhi ya kilimo ililimwa na wapangaji, kodi ikilipwa kwa mpunga, na nyumba hizo maskini zilitoa askari wengi. Sheria ya 1946 ilimwondolea mwenye shamba asiyeishi kijijini ardhi yote aliyokodisha. Aliyeishi pale akabakiziwa hekta 1 hivi, na kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, hekta 4. Serikali ilinunua, ikawauzia waliokuwa wakilima. Bei iligandishwa, mfumko wa bei ukaila deni la wanunuzi. Kamati ya kijiji ilikuwa na wapangaji 5, wenye mashamba 3 na wanaojilimia 2. Kwetu Bonde la Ufa tungepata kamati kama hiyo!

Kifungu cha 9 cha katiba ya 1947, kinachokataa vita, rasimu yake iliandikwa na Wamarekani, walioishika Japani baada ya kuishinda. Wao hao, Korea ilipowaka 1950, walitaka jeshi lirudi. Yoshida, waziri mkuu, akawapa polisi wa akiba 75,000, mengine akayakwepa: ulinzi aliwaachia Wamarekani, fedha akazipeleka viwandani. Mzigo wa mpango huo umebebwa na Okinawa, kisiwa cha kusini. Mwambie mtu wa huko kwamba Japani iliachana na majeshi, atakuonyesha uzio wa kambi ya Marekani.